UZI: Nimeonja anime mpya za Julai 2025. Nasema episodi ya kwanza haidanganyi, nipingeni

MwanaNkuhungu
Wakuu, poleni na baridi. Huku Nkuhungu, Dodoma, upepo unapiga mabati toka alasiri mpaka usiku, ukikaa nje unakula vumbi. Basi nimejifungia ndani na blanketi nikaanza kuonja anime (katuni za Kijapani) mpya za msimu huu, bando la wiki likakata siku ya tatu. Mpaka leo Jumatatu nimeona mwanzo wa Gachiakuta, The Summer Hikaru Died, Takopi's Original Sin, City, na Dandadan msimu wa pili.

Hoja yangu ni hii, na naomba mnipinge kwa mifano: episodi ya kwanza haidanganyi. Dakika 24 zinatosha kumjua anayekusimulia. Msusi mwenye mkono mzuri unamjua toka mstari wa kwanza. Sijawahi kuona aliyeanza kwa kupinda halafu kichwa kikatoka kimenyooka.

Hikaru nimeikubali kabla ya dakika kumi. Vijana wawili wa kijijini wanakula barafu nje ya duka, nyenje wanalia mpaka wewe mwenyewe unasikia joto, halafu Yoshiki anamwambia mwenzake kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba wewe siyo Hikaru. Hapo nilisimamisha simu nikaenda kuwasha taa.

Gachiakuta nimeiacha. Rudo anaokota taka, anasingiziwa kumuua mlezi wake Regto, anahukumiwa, anatupwa shimoni, na anapiga kelele mwanzo hadi mwisho. Yote hayo episodi moja. Sikupewa hata nafasi ya kumhurumia. Sirudi.

Nyie mmeonaje?

Zabibu Kavu
Natandika mkeka. Ila Dandadan umeiwekaje kwenye kundi la za kwanza? Msimu uliopita ulikuwa na episodi 12 na uliishia Desemba 2024 katikati ya tukio, yule binti Momo yuko kwenye bwawa la maji moto na wale wanaume wamemzingira. Tumekaa nusu mwaka roho juu. Hii ya Julai imeanzia palepale, kwa hiyo uliyoiona ni ya 13. Mtu asiyeona za nyuma akianzia hapo ataona vurugu tu.

MwanaNkuhungu
Kweli, naitoa. Zimebaki nne.

Msomaji wa Manga
Mkuu MwanaNkuhungu, umeihukumu nyumba ukiwa bado uko getini. Gachiakuta ni manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Kei Urana, ilianza Februari 2022 kwenye Weekly Shonen Magazine. Lile ni jarida la kila wiki, hadithi nyingi zinagombea macho ya msomaji mmoja. Ukianza kwa kubembeleza, amekwisha kufunua ukurasa. Ndiyo maana Rudo anatupwa mapema: hadithi yenyewe iko chini ya shimo. Huku juu ulikuwa unaonyeshwa kwa nini hana pa kurudi.

Na ile kesi ya haraka iliyokukera, mimi naona ndiyo ukweli wake. Mtoto wa ukoo wa wahalifu, anayeishi mtaa wa mabanda, nani atakaa chini kumsikiliza? Wangempa kesi ndefu yenye mawakili ningeona wamemdanganya mtazamaji.

Mnyaturu wa Mjini
Salamu kutoka Singida. Mimi Gachiakuta nimeipenda kwa rangi zake, zile kuta zilizochorwachorwa. Hawa studio ya Trigger hawajawahi kuniangusha.

Penseli HB
Kaka yangu wa Singida, siyo Trigger. Ni Bones Film, wametokana na Bones. Na ile michoro ya ukutani ina mtu wake maalumu, Hideyoshi Andou, anatajwa kwenye manga yenyewe kabisa pembeni ya mwandishi.

Huenda Trigger umewakumbuka kwa sababu ya Delicious in Dungeon ya 2024.

Mnyaturu wa Mjini
Asante Penseli, nimechanganya. Hiyo ya kupika mazimwi ndani ya pango niliimaliza kwa siku mbili.

Penseli HB
Sasa turudi kwa mleta uzi. Mimi nasoma hapa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na jioni nachora, kwa hiyo niruhusuni niseme kidogo kwa upande wa penseli.

Kaka, unaposema episodi ya kwanza haidanganyi, mimi naona ndiyo yenye nafasi kubwa kuliko zote ya kudanganya. Sekunde moja ya video ina fremu 24. Anime hazichorwi zote 24. Mara nyingi mchoro mmoja unakaa fremu mbili au tatu, kwa hiyo sekunde inabeba michoro 12 au minane. Pale wanapotaka mwendo laini wanaongeza, na pale muda unapobana wanapunguza, mdomo tu unacheza na uso umetulia. Episodi ya kwanza ndiyo inachorwa wakati muda bado upo. Wachoraji wazuri wanaitwa, mwongozaji anakagua mwenyewe kila kitu. Ukifika ya saba, ya nane, ratiba inawafukuza.

Nimewahi kujaribu mwenyewe kuchora mtu anageuka kumtazama anayemwita. Sekunde mbili, michoro 24, nilikaa nayo siku nne. Mabega yalikuwa sawa lakini shingo ilikuwa inaruka, kila nikiicheza inaruka. Ilibidi nimkalishe mdogo wangu kwenye kigoda nimwite mara kumi kumi, ndipo nikaona kosa: mtu akigeuka, macho yanatangulia, kichwa kinafuata. Tangu siku hiyo siwezi kuona episodi ya kwanza iliyochorwa vizuri nikadhani mtaendelea kulishwa hivyo mpaka ya 12.

MwanaNkuhungu
Hilo la macho kutangulia nimelijaribu hapa mbele ya kioo, ni kweli.

Lakini Penseli, unazungumzia mkono wa mchoraji. Mimi nazungumzia mkono wa msimuliaji. Michoro ikichoka, hadithi nzuri itabaki nzuri.

Zabibu Kavu
Waulize mashabiki wa One Punch Man kama michoro ikichoka hadithi inabaki. Msimu wa kwanza 2015 ulifanywa na studio ya Madhouse, wa pili 2019 ukaenda J.C.Staff. Hadithi ileile, Saitama yuleyule, na watu mpaka leo wanalia.

Kisu cha Kizota
Mbukwenyi! Nimesoma yote. Mimi siyo mtaalamu, nafanya kazi machinjioni na nina miaka 41, lakini nina mfano.

Mdogo wangu aliniwekea Kaiju No. 8 mwaka jana, akaniambia kaka vumilia mapigano yanakuja. Sikuhitaji kuvumilia. Kafka, mhusika mkuu, ana miaka 32, ndoto yake ya ujana imempita, na kazi yake ni kusafisha mizoga ya majitu baada ya wenye sifa kuondoka. Na kwenye ile episodi ya kwanza wanapangiwa upande wa matumbo. Wakuu, matumbo! Aliyeandika vile anajua jambo. Kwenye mnyama mkubwa, nyama ni kazi nyepesi. Shughuli iko kwenye matumbo: ukikosea kisu kidogo tu, umeharibu kila kitu na harufu inakwenda na wewe mpaka nyumbani. Mke wangu anajua nilikuwa upande gani siku hiyo kabla sijavua viatu.

Nilikaa nikasema huyu mtu ameniona. Kwa hiyo mimi nakubaliana na MwanaNkuhungu, ila kwa sababu nyingine. Episodi ya kwanza inakupa ishara kama wewe ni mmoja wa watu wanaosimuliwa. Msimu wa pili unaanza Jumamosi hii ya tarehe 19, mimi nimeshaomba ruhusa nyumbani.

Binti wa Area D
Shikamoo kaka Kisu. Nimeipenda sana hiyo ya matumbo, nilipoiona mimi nilipita tu bila kuiwazia.

Kisu cha Kizota
Marahaba binti. Irudie, dakika chache tu.

Msomaji wa Manga
Lakini kaka Kisu, kwa kipimo chako mtu asiyefanya kazi machinjioni ataiacha? Mimi niliipenda na sijawahi kushika kisu zaidi ya cha kitunguu.

Kipupwe Dom
Tatizo lenu nyote hamjui kanuni ya episodi tatu. Ilianzia kwenye Puella Magi Madoka Magica, Januari 2011. Mbili za mwanzo ni mabinti, nguo nzuri, chai na keki. Ya tatu inaisha mtu amekaa kimya anatazama ukuta. Toka hapo dunia nzima ya anime ikakubaliana: usihukumu kabla ya tatu.

Zabibu Kavu
Kwamba Madoka ndiyo iliyoipa umaarufu, sawa. Kwamba ilianzia pale, sina hakika nawe. Watu walikuwa wanapeana "ngoja ya tatu" zamani za kubadilishana DVD.

Na kwa nini tatu? Steins;Gate nayo ni ya 2011, ina episodi 24, na nusu ya kwanza ni watu wanabishana chumbani na oveni ya kupashia chakula. Ungeipima kwa tatu ungekosa moja ya hadithi bora za kusafiri kwenye muda. Na wapo wanaokuambia vumilia One Piece, ambayo inaonyeshwa toka Oktoba 1999 na imepita episodi 1,100. Uvumilivu una kipimo.

MwanaNkuhungu
Na tatu hizo nani analipia? Msimu mmoja una anime mpya kibao, zinaingia Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Ukitoa episodi tatu kwa kila moja ni bando la mwezi mzima. Mimi nashusha kwa ubora mdogo na bado inauma. Siyo kwamba sina subira. Kila episodi ninayoipa nafasi ni nyingine nimeinyima.

Fundi Sabasaba
Vijana, nimekuja hapa kwa sababu mwanangu amenionyesha huu uzi. Nimesoma maneno ya taka na hiyo Gachiakuta nikamwambia niwekee. Nimeiangalia jana usiku, mwanangu ananisomea maandishi ya chini kwa sababu yanakimbia.

Mimi ni fundi viatu, mwaka wa 22 sasa. Yule kijana Rudo anapookota mdoli uliotupwa, akautengeneza ampelekee msichana anayempenda, mimi nilijua yeye ni nani. Haokoti kwa njaa tu. Anaokota kwa sababu hawezi kuona kitu kizima kimetupwa akapita. Mimi niko hivyo hivyo. Nina nyundo aliyoniachia aliyenifundisha kazi, marehemu. Mpini wake una mabonde mawili, la kidole gumba na la kidole cha pili, na siyo ya vidole vyangu, ni ya kwake. Vidole vyangu vilijifunza kukaa mle. Nimeshapewa nyundo mpya mbili na sijui hata ziko wapi.

Mwanangu amenieleza kwamba mbele wanakuja watu ambao kitu walichokitunza sana kinapata roho na kuwa silaha yao. Nikamwambia usiniambie zaidi. Episodi ya kwanza imenitosha kujua nataka ya pili.

Mwenye uzi, ulisema hukupewa nafasi ya kumhurumia. Uliangalia mikono yake?

Msomaji wa Manga
Shikamoo fundi. Sina la kuongeza hapo, ila naomba ufike huko kwenye vifaa. Utakapofika uje utuambie.

MwanaNkuhungu
Shikamoo mzee wangu. Kusema kweli nilikuwa natazama mdomo wake kwa zile kelele. Mikono sikuiangalia.

Penseli HB
Ile mikono ina glavu na makovu, na wameichora kwa uangalifu kuliko uso. Ahsante fundi, mimi mwenyewe niliiona kama mchoro mzuri tu.

Mama Wawili Ipagala
Hapo fundi aliposema mwanawe anamsomea ndipo na mimi nataka kusema. Mnabishana kama wote mmeona kitu kimoja. Hamjaona kimoja.

Mmoja ameangalia kwenye simu iliyopasuka kioo, mwingine kwenye runinga. Mmoja anasoma Kiingereza cha chini kwa mbio na kukosa nusu ya uso wa mhusika. Mwingine yuko banda la video, kuna mtafsiri anaongea juu ya sauti, anaongeza vichekesho vyake, anawapa wahusika majina ya mtaani. Mimi nilikulia kwenye banda la namna hiyo hapa Chang'ombe, na mpaka leo zipo filamu ninazozipenda ambazo nikiziona kwa sauti yake halisi naona zimepoa. Wale watafsiri walikuwa wasimulizi wazima. Sasa hisia yangu ya kwanza ilikuwa ya filamu au ya mtafsiri?

Kipupwe Dom
Mama, mimi watafsiri wa banda siwataki kwenye anime. Hikaru ikiwekewa mtu anapiga porojo pale kwenye nyenje, umeiua. Ule ukimya ndio hadithi.

Mama Wawili Ipagala
Kwa Hikaru nakubali. Kwa Dandadan mtafsiri wa banda angeipaisha mbinguni.

Msomaji wa Manga
Na hata maandishi ya Kiingereza yana kinachopotea. Wale vijana wa Hikaru wanaongea lafudhi ya kijijini kwao, siyo Kijapani cha Tokyo. Ni kama unamsikia mtu wa Mpwapwa ndani anaongea Kiswahili, sentensi ya kwanza tu umejua ametoka wapi. Kwenye maandishi wote wanaonekana wamezaliwa sehemu moja. Na hadithi nzima inategemea kijiji kidogo ambapo kila mtu anamjua mwenzake, halafu mmoja wao siyo mwenyewe.

Mnyaturu wa Mjini
Mimi Hikaru niliitazama na bibi yangu. Alipoelewa kwamba kijana alipotea mlimani wiki nzima halafu akarudi, akasema hata bila kuuliza: huyo ni msukule.

Binti wa Area D
Hapana kaka, msukule ni kinyume chake. Msukule tunavyosimuliwa ni mtu aliyechukuliwa, watu wakazika kitu kingine wakidhani ni yeye, na yeye mwenyewe yupo mahali anatumikishwa, akili hana. Hikaru mwenyewe amekufa kule mlimani. Kilichorudi ni kitu kingine kimevaa mwili wake na kumbukumbu zake, na kinampenda Yoshiki kikweli. Mfanano wake labda ni mzimu, na hata huo siyo.

Mnyaturu wa Mjini
Nimemsomea bibi. Anasema kwao mtu akirudi kutoka porini alikuwa hapokewi mpaka aitwe jina lake la nyumbani, lile ambalo wageni hawalijui. Akiitika, anaingia. Sikujua hilo, na nina miaka 27 naishi naye.

Binti wa Area D
Mwambie bibi shikamoo. Sasa inanitisha zaidi, maana huyu wa kwenye anime angeitika.

Mwl. wa Kongwa
Habari za humu. Nataka kugusa Takopi's Original Sin kwa sababu naona mmeipita haraka, na mimi hiyo ndiyo haijanitoka.

Nafundisha shule ya msingi. Nyumba ninayopanga, watoto wa jirani wanaingia kwangu jioni kwa ajili ya runinga. Nikaweka hii kwa sababu picha yake ni kiumbe cha rangi ya waridi kinachotabasamu, kimetoka Sayari ya Furaha, kina vifaa vya kusaidia watu. Nilidhani ni ya kwao. Kuna onyo mwanzoni, ila limeandikwa na hakuna aliyelisoma, mimi nilikuwa nachota maji.

Ndani ni binti wa darasa la nne, Shizuka, anayeonewa shuleni siku hadi siku, na nyumbani hakuna mtu. Wala siyo uonevu wa katuni. Madaftari yanaharibiwa, anasukumwa, na anajibu kwa sauti iliyokufa. Na inafika mpaka mtoto kujitoa uhai. Nilizima. Lakini kabla sijazima, mmoja wa wale watoto, msichana, alikuwa ameacha kula mhogo aliokuwa ameushika. Hakulia. Aliuliza, "Mwalimu, mbona yule mnyama haelewi?" Kwa sababu Takopi anatabasamu tu, haelewi maumivu ya binadamu, anadhani kila ugomvi unatibiwa kwa kupatanisha.

Kesho yake nilimwita yule msichana tukakaa chini ya mti, tukaongea. Siandiki tulichoongea. Nilichopata pale ni zaidi ya nilichopata darasani mwaka mzima, na naendelea kulishughulikia pamoja na mama yake.

Kwa hiyo naomba wazazi na walezi: katuni siyo lazima iwe ya watoto. Episodi ya kwanza hiyo ni ndefu kuliko kawaida, iangalieni wenyewe kwanza. Mtoto asiachwe nayo peke yake.

Mama Wawili Ipagala
Mwalimu, Mungu akubariki. Wangu wa kwanza yuko darasa la tano. Leo nazungumza naye.

MwanaNkuhungu
Ahsante mwalimu. Mimi niliimaliza ile episodi nikakaa kimya, nikashindwa kuiandikia hapo juu, ndiyo maana niliitaja jina tu.

Msomaji wa Manga
Kwa faida ya wanaotaka kujua ukubwa wake: manga yake, ya Taizan 5, ni vitabu viwili tu, na anime ina episodi sita, studio inaitwa Enishiya. Yaani hii haina muda wa kupoteza. Kipimo cha "episodi tatu" hapa ni nusu ya hadithi yote. Ndiyo maana nasema hakuna kipimo kimoja.

Penseli HB
Na sita ndiyo zinazowawezesha kuchora vile. Muda uleule, michoro michache. Narudi palepale kwenye ratiba.

Zabibu Kavu
Au wamechagua hadithi fupi kwa sababu ni nzuri, siyo kwa sababu ni rahisi kuchora. Penseli kila mlango unaufungua kwa ufunguo mmoja.

Penseli HB
Ni ufunguo ninaoujua, kaka. Leo Ijumaa tarehe 18 naomba mniruhusu neno kuhusu City pia. Imetengenezwa na Kyoto Animation, kutoka kwa mwandishi yuleyule wa Nichijou, Keiichi Arawi. Nichijou nayo waliifanya wao mwaka 2011. Siku kama ya leo mwaka 2019 mtu alichoma moto studio yao na watu 36 wakafa. Wachoraji, waongozaji, watu wa rangi. Hawa ni studio iliyojulikana kwa kuajiri watu wake kwa mshahara na kuwafundisha wenyewe, wakati wengi wanalipa kwa mchoro. Ukiangalia City, kila kona ya picha kuna mtu anafanya jambo lake: mmoja anafagia, mmoja anakimbiza kofia. Mleta uzi uliona nini pale?

MwanaNkuhungu
Niliona fujo ya rangi na sikucheka. Hilo la 2019 nilikuwa nalijua, ila sikulihusisha. Nitairudia leo usiku polepole, naangalia kona.

Binti wa Area D
Kuna jambo moja nilikuwa nataka kuwaambia toka juzi, linahusu saa. Japani wametutangulia masaa sita. Na sisi saa zetu za Kiswahili zinapishana na za kizungu masaa sita. Kwa hiyo namba inaangukia palepale! Frieren mwaka 2023 ilikuwa inaonyeshwa Ijumaa saa 5 usiku kwao, ukihesabu kwa namba yao ni 11:00. Kwetu ilikuwa saa 11 jioni. One Piece kwa miaka mingi ilikuwa Jumapili saa 3 na nusu asubuhi kwao, ukihesabu kwa namba yao ni 9:30. Huku ni saa 9 na nusu usiku. Ukiona tangazo la Kijapani limeandika saa kwa namba za 1 hadi 12, usipige hesabu yoyote, isome kwa Kiswahili kama ilivyo.

Zabibu Kavu
Nimejaribu na mifano mitatu, inakubali. Miaka yote napiga hesabu kwa vidole.

Kipupwe Dom
Hii ndiyo faida ya uzi huu, mengine yote ni ubishi.

Fundi Sabasaba
Nimemaliza ya pili na ya tatu. Mwenye uzi, mimi sikubishii kwamba kelele zipo. Ila mtu akipoteza mlezi siku moja na mji siku hiyohiyo, atanong'ona?

MwanaNkuhungu
Mzee, nimerudi. Bando nimeongeza jana na nimeanza upya Gachiakuta toka ya kwanza, sauti nimeipunguza kidogo, macho kwenye mikono. Kuna pahala anaushika ule mdoli, anaupapasa mshono kwa kidole gumba kabla ya kuutoa. Ni sekunde mbili hivi. Mara ya kwanza nilikuwa najibu ujumbe.

Bado nasema episodi ya kwanza haidanganyi. Kilikuwepo mle ndani tangu mwanzo.

Msomaji wa Manga
Kwa hiyo umekubali kwamba mara ya kwanza haikutosha!

MwanaNkuhungu
Nimekubali kwamba sikuangalia. Ni vitu viwili.

Zabibu Kavu
Hapa tutalala.

Kisu cha Kizota
Kaiju msimu wa pili nimeiona jana jioni. Mke wangu amekaa nami hadi mwisho, ameuliza Kafka ataoa lini. Nimemwambia sijui. Aliyesoma manga asijibu.

Mnyaturu wa Mjini
Mimi nakuja Dodoma Jumamosi kwa shughuli zangu, nitalala Kikuyu kwa shangazi. Nani ana Gachiakuta ya nne ikitoka, yenye maandishi ya herufi kubwa? Ni kwa ajili ya bibi, anataka kuona hao wenye vifaa.

Fundi Sabasaba
Pita kwangu Sabasaba mchana, mwanangu atakuwekea. Ya nne inatoka Jumapili, kwa hiyo kama unaweza ngoja mpaka Jumatatu asubuhi ndipo uondoke. Njoo na flashi. Na kama bibi ana viatu vimechoka, vilete pia.